Taa Husema Mwisho: Faida ya Vipimo vya Oili katika Motokaa ya Zamani

Katika Nairobi na miji mingine ya Kenya, hata leo huonekana motokaa za zamani ambazo wenyewe huzitunza kwa upendo kuliko zilizo mpya. Mojawapo ni Volkswagen ile yenye mgongo wa duara kama wa kobe, ambayo injini yake iko nyuma. Zaidi ya milioni 21 za namna hiyo zilitengenezwa duniani, hata ya mwisho ilipotoka katika kiwanda cha Puebla, Mexico, mwaka 2003. Katika Afrika Mashariki sifa yake ilienea upesi kwa sababu ya mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Vic Preston alishinda kwa Volkswagen mwaka 1954, Gus Hofmann mwaka 1957, na Tommy Fjastad mwaka 1962.

Walakini chuma nacho huzeeka. Mwenye kutaka injini kuukuu idumu yampasa kujua mambo mawili kila aendeshapo: joto la oili na presha ya oili. Motokaa hizi zilipotoka kiwandani hazikuwa na kipimo cha jambo lolote kati ya hayo mawili. Zilikuwa na taa ndogo tu.

Taa hiyo huwashwa na swichi iliyofungwa katika injini. Presha ikianguka hata zikabaki ratili chache tu kwa kila inchi ya mraba, taa huwaka. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana gari liendalo mbio huhitaji presha kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Presha yaweza kupungua hata nusu, na taa isiseme neno. Itakapowaka, huenda beringi za krenki zimekwisha kuharibika. Taa hutangaza msiba. Kipimo hueleza homa ilipoanza.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa Volkswagen kwa sababu injini yake haina maji ya kuipoza. Hupozwa na upepo wa feni, na kwa oili. Nayo oili yenyewe ni lita mbili na nusu tu, wala haina kichujio cha karatasi kama injini nyingine, bali chujio la waya. Oili hiyo kidogo hulainisha vyuma, kisha huchukua joto lao na kulipeleka kwenye kipoza oili kilicho katika njia ya upepo wa feni.

Sasa na tufikiri habari za gari lenye abiria wanne na mizigo, linalopanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru wakati wa jua kali. Dereva yuko katika gia ndogo, mwendo ni wa polepole, na injini inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Huko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi haichukui joto vizuri. Oili hupata moto, na ikipata moto huwa nyepesi kama maji. Ikiwa nyepesi, presha hushuka. Mwenye vipimo huyaona hayo yote mapema, akasimama kando ya njia injini ipoe. Asiye navyo huendelea kupanda.

Vipimo vya umeme ndivyo vifaavyo zaidi kwa gari hili. Vile vya zamani vinavyoletewa oili yenyewe kwa bomba jembamba vingehitaji bomba lipite urefu wote wa gari, na bomba likipasuka oili ya moto humwagika. Cha umeme huhitaji waya tu, na kihisi kilichofungwa katika injini. Lakini kipimo na kihisi yapasa viwe vimetengenezwa kufanya kazi pamoja, ama sivyo kipimo kitasema uongo. Tena fundi aangalie umeme wa gari lenyewe, kwa kuwa Volkswagen nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967 hutumia volti 6, wala si 12.

Kazi huanza kwa kufungua waya wa betri, ambayo iko chini ya kiti cha nyuma. Kisha fundi huitoa ile swichi ya taa, iliyo karibu na distribyuta. Mahali pake yafaa kufunga kihisi chenye kazi mbili, kiendeshacho kipimo na kuwasha taa pia, kwa maana haifai kabisa kuiondoa taa. Kihisi hicho ni kizito, nacho kikining'inia katika injini itikisikayo chaweza kuvunja kiungo chake. Ni salama zaidi kukifunga katika mwili wa gari, na kukiunganisha na injini kwa mpira mfupi uwezao kustahimili oili ya moto. Tena kihisi cha namna hii hurudisha umeme kupitia chuma chake. Kwa hiyo kikiwa mbali na injini, kipewe waya mzuri wa kukiunganisha nayo. Katika kukaza, nguvu nyingi ni adui. Chuma cha injini hii ni cha magnesi, nacho ni laini. Hesi zake zikiharibika, gharama ni kubwa.

Kihisi cha joto aghalabu hufungwa chini, mahali pa kizibo cha kumwagia oili. Oili humwagwa, gasketi mpya huwekwa, na nati sita za kifuniko cha chujio hukazwa pole pole. Walakini kihisi kilicho chini huweza kupigwa na mawe katika barabara mbovu. Kwa hiyo wengine huchagua kile kinachotiwa katika tundu la kijiti cha kupimia oili.

Waya zipitishwe pamoja na zile za zamani, ziwekewe mpira kila zipitapo katika tundu la bati, na umeme upite katika fyuzi. Baada ya kuwasha injini, kila kiungo kichunguzwe kama kinavuja.

Kuvifunga vipimo si mwisho wa kazi. Hapana budi kujifunza kuvisoma. Asubuhi, oili ikiwa baridi na nzito, presha huwa juu sana, wala si ajabu. Oili ya namba 30 ikiwa na joto la digrii 70 za Sentigredi, presha yapasa isipungue ratili 28 kwa inchi ya mraba injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika. Gari likisimama huku injini ikinguruma polepole, presha itashuka sana, na hilo peke yake si ugonjwa. Joto la digrii 80 hata 100 ni zuri. Likikaribia 120, dereva asimame.

Vipimo viwili vikisomwa pamoja hueleza zaidi. Joto likiwa la kawaida na presha ikishuka siku kwa siku, huenda oili imepungua, au pampu na beringi zimelika. Joto likipanda ghafula na taa ya dainamo ikawaka, yamkini mkanda umekatika. Mkanda huo ndio uzungushao feni pia, kwa hiyo gari lisiendeshwe hata hatua moja zaidi.

Yafaa mwenye gari aweke daftari dogo, aandike kila juma joto na presha katika mlima ule ule na kwa mwendo ule ule. Baada ya miezi michache atajua tabia ya injini yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na bei ya vipimo viwili na waya zake ni ndogo sana mbele ya gharama ya kuifungua injini nzima na kutafuta krenki nyingine.