Mifupa Iko Berlin, Habari Zake Zitufikie



Huko Lindi kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, mifupa ya dinosaria ilichimbwa huko. Dinosaria ni wanyama wa zamani sana. Hawa wa Tendaguru waliishi miaka kama milioni 150 iliyopita.

Nani aliichimba? Wataalamu walikuwa Wajerumani, lakini waliotoa jasho ni wazee wetu, mamia kwa mamia. Msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba mifupa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mizigo yote ilizidi tani 200. Ikapakiwa melini. Mpaka leo mifupa hiyo iko katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Mnyama mmoja amesimamishwa humo. Kimo chake kinapita mita 13.

KIKARATASI CHENYE HABARI KUBWA

Mfupa peke yake hausemi kitu. Kwa hiyo vitu vya makumbusho huwekewa kikaratasi. Huandikwa jina la kitu, mahali kilipopatikana, tarehe, na jina la aliyekileta. Ni kama kadi ya kliniki ya mtoto. Kadi ikipotea, muuguzi atajuaje chanjo zake?

Jumba la Berlin lina vitu zaidi ya milioni 30: mifupa, ndege, samaki, wadudu. Zamani, aliyetaka kuvijua ilimbidi asafiri. Je, mkulima wa Lindi angepata wapi nauli?

INTANETI INASAIDIAJE?

Intaneti ni njia ya kupeana habari kwa kompyuta au simu. Siku hizi makumbusho mengi yanapiga picha vitu vyao, yananakili vikaratasi, na kuviweka kwenye intaneti. Tangu mwaka 2001 nchi nyingi zina ushirika wa kazi hii, uitwao GBIF. Ofisi yake iko Copenhagen, Denmark. Umekusanya habari zaidi ya bilioni 2 za viumbe. Kwa hiyo mwalimu aweza kuuliza: mbu wa aina hii alionekana wapi, mwaka gani? Akajibiwa hapo hapo alipo.

TUSIDANGANYIKE

Lakini kuona picha ya ng'ombe siyo kuwa na ng'ombe. Kupata habari za mifupa si sawa na kurudishiwa mifupa. Tena, habari nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza au Kijerumani. Na vikaratasi vya zamani mara nyingi vilitaja Mzungu, vikamwacha mchimbaji. Boheti alikumbukwa baadaye: mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii, kwa heshima yake. Wenzake je?

Basi, hapo ndipo kisomo kinapotufaa. Tumwombe mwalimu au kijana mwenye simu atuonyeshe habari hizo, nasi tuulize maswali. Wazee waliosimuliwa na babu zao waseme, sisi tuandike. Kikaratasi kisiandikwe na upande mmoja tu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mfupa huwekewa kikaratasi?
2. Kijijini kwetu, nani anakumbuka habari ambazo bado hazijaandikwa?