Mfanyakazi, hesabu miezi yako

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini wafanyakazi wengi wa mjini huanza kuiulizia akiba yao siku wanapokabidhiwa barua ya kustaafu, wakati makosa ya nyuma ni magumu kurekebishwa.

Hapa Tanzania, mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, hupata pensheni ya uzeeni akiwa amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima ni 60. Hesabu hiyo imhusu mtu tangu siku ya kwanza kazini.

Tuanze na kijana aliyetoka chuoni. Huyu huuliza mshahara tu. Aulize na mkataba, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Aulize pia kama ameandikishwa katika Mfuko. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, naye hakatwi zaidi ya nusu yake.

Wa pili ni yule wa miaka 35 hadi 45. Ana ujuzi, anaitwa huku na kule. Kuhama si dhambi, lakini asiondoke bila cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake kisheria. Tena akague taarifa ya michango yake. Makato yanayoonekana kwenye hati ya mshahara si ushahidi kwamba fedha zimefika kwenye Mfuko. Na aliyefika miaka 45 bila kuchangia hata mara moja amebakiwa na miezi 180 kamili kufikia 60. Hana mwezi wa kupoteza.

Wa tatu ni mzee wetu aliyevuka 50. Asahihishe sasa majina yanayotofautiana kwenye vyeti, na afuatilie michango iliyopotea wakati mwajiri bado yupo na majalada hayajaliwa na mchwa. Kama anataka kufuga kuku au kufungua duka, ajifunze akiwa bado na mshahara. Kiinua mgongo si ada ya kujifunzia biashara.

Ndugu msomaji, mwisho wa mwezi huu, kabla hujaugawa mshahara, hesabu kwanza miezi yako.