Kwao Ni kwa Nani? Lugha na Mustakabali wa Safari za Kuzuru Wahenga

Utangulizi

Mhadhara huu unahusu jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wanahistoria, viongozi wa dini na wataalamu wa utalii, yaani safari ambazo watu walio mbali huzifunga ili kuzuru, kwa nia ya ibada, nchi walikotoka wazee wao. Safari za aina hii zinapewa uzito mkubwa na serikali za Afrika. Mwaka 2019 Ghana iliadhimisha Mwaka wa Kurejea, ikiwaalika wazawa wa Afrika walioko ng’ambo kukumbuka miaka 400 tangu Waafrika walipofikishwa Virginia mwaka 1619. Tanzania nayo, mwaka 2006, iliiingiza njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Mazungumzo kuhusu safari hizi aghalabu huishia kwenye barabara, hoteli na vibali. Hoja yangu ni kwamba kuna sharti jingine lililotangulia hayo. Ili msafiri awe amerudi, na si kufika tu, lazima awepo mtu wa kumpokea na lugha ya kumtambulisha kwa wahenga wake. Pasipo lugha hiyo, ibada hugeuka kuwa matembezi. Nitaieleza hoja hii kwa mifano miwili: nchi ya Wazaramo iliyo pande za Soga, Kibaha na Kisarawe, na Wazigua wa bonde la Mto Juba.

Maneno manne

Kiswahili kina maneno manne yanayogusa mada yetu, na kila moja lina madai yake. Hija, neno la asili ya Kiarabu, ni safari ya kwenda mahali palipotakaswa. Waislamu hulitumia kwa safari ya Makka, na Wakristo wamelipokea pia. Ndiyo maana Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam lina Kituo cha Hija huko Pugu. Mahali pa hija ni pa waumini wote, na mwenye kuhiji haulizwi ukoo wake.

Ziara, nalo la Kiarabu, ni kumwendea mtu. Katika pwani yetu neno hili limepata maana mahususi ya kuzuru makaburi ya masheikh, masharifu na wazee, kuwasomea na kuwaombea dua. Hapa pana mtu anayejulikana kwa jina, japo mwenye kuzuru si lazima awe wa damu yake.

Tambiko ni neno la Kibantu, nalo hudai zaidi. Mwenye kutambika huwaita wahenga kwa majina, huwaeleza yeye ni nani kwao, kisha hutaja haja yake. Tambiko ni tendo la kusema. Sadaka bila maneno yake haijakamilika.

Mwisho ni utalii. Kitenzi kutalii, ambacho asili yake pia ni Kiarabu, kilikuwa na maana ya kuchunguza, kupitia na kusoma kwa makini. Mtalii basi ni mtazamaji. Hakuna ubaya katika kutazama, ila mtazamaji hana wajibu wa kuitambua nafasi yake mbele ya anachokitazama. Tunapounda istilahi kama “utalii wa hija” au “utalii wa matambiko”, tunaunganisha vitendo viwili ambavyo uhusiano wake na wenyeji haufanani, na yafaa tujue ni kipi kitakachokimeza kingine.

Sarufi ya kwao

Tuangalie pia jinsi Kiswahili kinavyoitaja nchi ya asili. Tunasema kwetu, kwenu, kwao. Maneno haya yana kiambishi cha mahali ku- na kimilikishi cha watu, na hayahitaji nomino ya kutaja nyumba, kijiji wala nchi. Mahali pa asili hutambulishwa kwa watu walio napo. Ndiyo maana mgeni anayesema kuwa asili yake ni kijiji fulani hupata swali la pili: “Wewe wa nani?” Jina la kijiji halitoshi, na swali hilo si la udadisi. Mwenyeji anatafuta mahali pa kumweka mgeni katika ukoo, ili ajue kama atamwita mjomba, mpwa au mtani.

Kutoka Soga hadi Kolelo

Soga ni kituo cha Reli ya Kati, reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907. Kabla ya reli hiyo, watu wa nchi hii walikwisha kuwa na safari yao ya kwenda magharibi. Masimulizi mengi ya Wazaramo yanasema kwamba wazee wao walishuka kutoka pande za Uluguru, na huko huko, milimani, ndiko lilikokuwa pango la Kolelo, jina linalofanana na la kata ya Kolero ya leo. Wazaramo waliotawanyika hadi karibu na bahari walituma wajumbe huko kuomba mvua na mavuno. Mwaka 1905 habari zilizotolewa kwa jina la Kolelo zilienea Uzaramo zikiwakataza watu kulipa kodi ya Wajerumani. Mmisionari Martin Klamroth ni miongoni mwa walioandika juu ya imani hizo muda mfupi baadaye.

Hii ilikuwa safari ya ibada ya jamii iliyohama, ikirudi kwenye nchi ya asili. Iliwezekana kwa sababu lugha zilikaribiana. Kizigua, Kikwere, Kizaramo, Kiluguru na Kikutu zote zimo katika kundi ambalo Guthrie aliliita G30. Mjumbe kutoka Uzaramo hakuhitaji mkalimani wa mbali ili aulizwe yeye ni wa nani, naye ajibu.

Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni za reli ya kisasa zinabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na Soga ni mojawapo ya vituo vya njia hiyo. Safari imekuwa nyepesi kuliko wakati wowote. Lakini katika nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe watoto wanakua na Kiswahili peke yake, na Kizaramo kinabaki kwa wazee. Njia imefunguka wakati maneno ya kusema mwisho wa njia yanapungua.

Wazigua wa Juba

Mfano wa pili unaonyesha kile ambacho lugha inaweza kukihifadhi. Katika karne ya 19, hasa wakati wa njaa kali ya miaka ya 1830, watu wengi wa Uzigua na nchi jirani, Wazaramo wakiwemo, walipelekwa utumwani katika pwani ya Somalia. Waliotoroka walijenga vijiji katika bonde la Juba. Masimulizi yao humtaja Wanakhucha, mwanamke mbashiri, aliyewaongoza waliotaka kurudi kusini. Hawakufika, lakini hawakuiacha lugha yao.

Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakapokewa Handeni, kwanza Mkuyu na baadaye Chogo. Wenyeji waliwasikia wakisema Kizigua. Baada ya zaidi ya karne moja na nusu, hawakuwa na hati yoyote ya kuthibitisha asili yao isipokuwa lugha na majina ya koo. Kufikia mwaka 2014 zaidi ya elfu moja miongoni mwao walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Hawa walifanywa watumwa wasikatae kwao.

Maelfu ya ndugu zao walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2003. Watoto waliozaliwa huko wanakulia katika Kiingereza. Siku watakapokuja kuwazuru wahenga wa Uzigua, nauli huenda wakawa nayo. Suala ni kama watakuwa na jibu la swali “Wewe wa nani?”

Mahame na makaburi

Kwa upande wa wenyeji nako pana upungufu. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu wengi kutoka makazi ya zamani. Yaliyobaki tunayaita mahame, na mara nyingi alama yake ni miembe na minazi tu. Sheria ya mwaka 1969 ya kuhamisha makaburi inaruhusu makaburi kuondolewa ardhi inapotakiwa kwa manufaa ya umma, na katika ukanda unaokua kwa kasi kama Kibaha, ardhi hutakiwa kila mara. Kaburi likihamishwa, mifupa hupata mahali pengine; jina la mahali, ambalo ndilo lililotajwa katika tambiko, hubaki bila kitu cha kukitaja.

Hitimisho

Kazi iliyo mbele yetu wanalugha inajulikana. Majina ya mahame, ya koo na ya watu waliolala katika makaburi ya zamani yakusanywe sasa, wazee wangalipo, pamoja na istilahi za tambiko na kanuni za nani ana haki ya kusema nini. Yaandikwe kwa lugha ya wenyewe na kufafanuliwa kwa Kiswahili. Idhini itoke kwa ukoo, na maneno ambayo ukoo hautaki yatangazwe yasitangazwe; si kila kinachojulikana ni cha kuonyeshwa kwa kiingilio. Wenye kuongoza wageni wafunzwe kutofautisha mtalii na mwenye kuzuru, kwani wa kwanza anahitaji maelezo, wa pili anahitaji kukutanishwa na jamaa.

Kiswahili kinaweza kuwa daraja katika kazi hii, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo mjukuu aliyezaliwa ughaibuni ana fursa kubwa zaidi ya kujifunza. Hata hivyo, daraja halichukui nafasi ya ng’ambo yake. Mjukuu huyo akishuka Soga akaelekezwa kwenye mwembe uliobaki wa mahame, atafutiwe pia mzee anayejua jina la aliyeupanda, na anayeweza kulitamka kwa Kizaramo.