Gari Jepesi Halichuji

Chasisi ya Lotus Elise, gari la spoti lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1996, ilikuwa na uzito wa kilo 68 tu. Mhandisi Richard Rackham na wenzake hawakuilehemu. Walitumia mapande ya alumini yenye uwazi ndani, wakayagandisha kwa gundi ya epoksi. Kwa kuwa hakukuwa na joto la kulehemu la kuidhoofisha alumini, kuta za mapande hayo ziliweza kufanywa nyembamba. Gari zima, pamoja na injini yake ya lita 1.8 yenye nguvu za farasi 118, halikuzidi sana kilo 720.

Farasi 118 leo ni nguvu za gari la kupelekea watoto shule. Hata hivyo, Elise za kwanza bado zinasakwa na watu ambao wangeweza kununua magari yenye nguvu mara tatu au nne ya hizo. Wanachokitafuta kinaelezeka kwa fizikia ya sekondari.

Nguvu ya injini humfaa dereva pale anapokanyaga mafuta. Wepesi humfaa wakati wote: anapoondoka, anapofunga breki, anapokata kona, hata anapopita kwenye lami yenye viraka. Tuanze na breki. Gari la kilo 1,000 linalokwenda kilomita 100 kwa saa hubeba nishati mwendo ya kilojuli 386 hivi. La kilo 2,000, kwa mwendo uleule, hubeba 772. Breki za kawaida zinapolisimamisha gari, karibu nishati yote hiyo hugeuka joto. Kwa sababu Elise ilizalisha joto dogo, matoleo yake ya mwanzo yaliweza kufungwa diski za alumini iliyochanganywa na seramiki, ambazo ni nyepesi sana kuliko za chuma. Gurudumu lenye diski nyepesi hupanda na kushuka upesi kufuata barabara, hivyo tairi halibanduki ardhini kirahisi. Na kwa kuwa gari lenyewe halina uzito mkubwa, springi zinaweza kuwa laini bila gari kuyumba. Kilo moja inayoondolewa huondoka na nyingine. Gari zito nalo huvuta upande wa pili: hudai breki kubwa, matairi mapana, injini kubwa na tangi kubwa, na kila kimoja kinakuja na uzito wake.

Kwenye kona kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ukiongeza maradufu mzigo unaoligandamiza tairi, mshiko wake huongezeka, lakini haufiki maradufu. Ndiyo maana, kwa matairi ya aina moja, gari jepesi hukata kona kwa kasi kuliko zito.

Kisha kuna suala la mahali uzito ulipokaa. Ukaidi wa gari kugeuka hutegemea umbali wa kila kilo kutoka katikati, na umbali huo huzidishwa kwa wenyewe. Kitu cha kilo 50 kilichofungwa mita mbili kutoka katikati hukaidi mara nne zaidi ya kikiwa mita moja. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, aliyazingatia haya mapema. Lotus Seven yake ya mwaka 1957 ilikuwa karibu fremu, injini na viti viwili tu. Haki za gari hilo ziliuzwa kwa Caterham mwaka 1973, na Seven inaundwa hadi leo.

Wajapani waliichukua elimu hiyo wakaifanya iuzike kwa wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwandishi wa habari za magari wa Marekani, Bob Hall, alimshawishi Kenichi Yamamoto wa Mazda kwamba dunia ingali inataka gari dogo la wazi la mtindo wa Kiingereza. Mazda MX-5 ilionyeshwa Chicago mwezi Februari 1989 ikiwa na injini ya lita 1.6 na uzito usiofika tani moja. Injini ilisogezwa nyuma ya mstari wa magurudumu ya mbele, na matairi yalikuwa membamba, upana wa milimita 185 tu. Wembamba huo ulikuwa na maana yake: dereva aliweza kulisikia tairi likianza kuteleza, na kulirudisha, kwa mwendo ambao haumtii hofu wala kumfikisha kwa trafiki. Kufikia mwaka 2016, MX-5 milioni moja zilikuwa zimeundwa.

Wepesi una gharama zake. Buti halimezi mizigo, kelele za barabara huingia ndani, na gari jepesi likigongana uso kwa uso na zito, abiria wa lile jepesi ndio wanaotikiswa zaidi. Magari ya kawaida yamenenepa kwa sababu za maana: bodi imara zaidi, mifuko ya hewa, viyoyozi na sasa betri za umeme. Lotus yenyewe siku hizi inauza Eletre, gari la umeme lenye uzito wa karibu tani mbili na nusu.

Lakini hapohapo ndipo thamani ya gari jepesi ilipopanda. Mota za umeme zimeshusha bei ya nguvu za farasi kiasi kwamba gari la familia linaweza kuliacha nyuma gari la spoti la miaka ya 1990 taa zinapowaka kijani. Kwenda kasi kwenye barabara iliyonyooka hakumpi mtu sifa tena. Kompyuta nazo zinaweza kulifanya gari zito litii usukani, lakini haziwezi kupunguza hata kilojuli moja ya nishati mwendo ambayo gari hilo hubeba. Mazda walipounda MX-5 ya kizazi cha nne, toleo lake jepesi kabisa kwa soko la Japan lilikuwa na kilo 990, na kulifikisha hapo kulihitaji hesabu ya kila kipande. Nguvu inaweza kuongezwa baadaye na fundi yeyote mzuri, ila wepesi usipowekwa kwenye mchoro wa kwanza, hakuna gereji itakayouleta.