USIFUTE JINA KWENYE KIBERITI CHA MAREHEMU

WENGINE hukusanya stempu. Wengine hukusanya santuri. Wengine, tusifichane, hukusanya wachumba. Mimi nakusanya viberiti, na sigara sivuti.

Najua unacheka. Viberiti? Hivi vya gesi vya plastiki vinavyouzwa kila kioski, ambavyo ukivimaliza unatupa? La hasha, mshikaji wangu. Nazungumzia vyuma vya zamani, vile ambavyo akina Humphrey Bogart walikuwa wakivichomoa mfukoni kwenye sinema zisizo na rangi. Kinalia "kwaa!", moto unapanda, mrembo anainamisha kichwa kuwasha sigara yake huku macho kayaganda kwa jamaa. Ukiiona picha ile mara moja tu, umekwisha.

Nitakueleza jinsi vyuma hivyo vinavyotambuliwa na vinavyofufuliwa. Lakini kwanza ngoja nikusimulie kosa langu, maana ndiko somo lote liliko.

KOSA LANGU

Marehemu baba yangu alikuwa baharia. Katika vitu alivyoacha kulikuwa na kiberiti cha Ronson, chembamba, cha kromu, chenye herufi mbili zilizochorwa ubavuni. Kilikuwa kimefubaa, hakiwaki, kimelala kwenye droo pamoja na funguo zisizojua kufuli lake.

Mwaka 1994, nikiwa kidato cha pili, nikaamua kumfurahisha mama. Nikatafuta msasa laini, nikasugua. Nikapaka dawa ya kung'arishia shaba, nikasugua tena. Jioni kikawa kinameta kama kioo, ingawa kwenye kona kromu ilishatoka na shaba ya chini ikaanza kuchungulia. Zile herufi? Hazipo. Nikaona safi, maana nilizihesabu kuwa ni mikwaruzo.

Nikampelekea mama. Akakigeuza mara mbili, akakitazama ubavuni, akaniuliza, "Herufi ziko wapi, mwanangu?" Nikamwambia nimezing'arisha. Akanyamaza. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba alimlipa sonara kuzichora mwenyewe, siku chache kabla ya baba kupanda meli safari yao ya kwanza ya kuachana tangu waoane. Ya kwanza yake, ya pili ya baba.

"Sasa hiki ni kiberiti cha dukani," akasema, akanirudishia.

Hakunipiga. Heri angenipiga.

HERUFI ZILIZOMTIA MTU MATATANI

Miaka mitatu baadaye nikakodi mkanda wa video wa Alfred Hitchcock, Strangers on a Train, sinema ya mwaka 1951. Nilichukua kwa sababu ya jalada tu. Dakika chache baada ya kuanza, nikakaa sawasawa kitini.

Hadithi ni hii. Guy Haines, mcheza tenisi maarufu, anakutana kwenye treni na kijana wa kitajiri, Bruno Antony. Guy ana mke wanayegombana, na ana mchumba aitwaye Anne, binti wa seneta. Bruno naye anamchukia baba yake. Basi Bruno anatoa wazo la kishetani: wewe niulie baba, mimi nikuulie mke, hakuna atakayetushuku maana hatujuani. Guy anadhani ni utani, anashuka. Ila anasahau kitu kimoja: kiberiti.

Kiberiti chenyewe ni Ronson chembamba, kina picha ya raketi mbili zilizopishana na maneno mafupi yanayosema kimetoka kwa A kwenda kwa G. Yaani Anne kwa Guy.

Bruno anamnyonga kweli yule mke kwenye bustani ya michezo. Guy anapokataa kutimiza sehemu "yake", Bruno anaamua kukirudisha kile kiberiti mahali pa mauaji ili polisi wakiokote. Njiani kinamponyoka na kutumbukia kwenye mtaro wa maji machafu. Huku Guy yuko uwanjani akipigana amalize mechi awahi, kule Bruno kalala chini, kaingiza mkono ndani ya mtaro, vidole vinatambaa kukifuata. Utadhani ni bomu linatafutwa. Mwisho Bruno anakufa chini ya farasi za bembea akiapa kwamba hana kiberiti hicho. Kiganja kinafunguka. Kimo ndani.

Hebu jiulize. Kiberiti kile kisingekuwa na herufi, sinema ingekuwepo? Ronson za namna ile zilizagaa. Bila herufi, hicho ni chuma tu, kisingeweza kumshitaki wala kumwokoa mtu. Herufi ndizo zilizokipa ulimi. Na mimi wa kwetu niliukata ulimi kwa msasa.

Tangu usiku ule nikawa mgonjwa wa viberiti.

VYUMA VYA MASTAA

Majina mawili utayasikia sana ukiingia kwenye fani hii: Ronson na Zippo. Vyote ni vya Marekani.

Ronson ni kazi ya Louis Aronson wa Newark, New Jersey. Mwaka 1926 kampuni yake ilitoa kiberiti kilichoitwa Banjo, kilichowaka kwa tendo moja tu: unabonyeza kwa dole gumba, moto huo. Ukiachia, unazimika. Baadaye wakatoa vya mezani vinavyoitwa Touch-Tip. Hivyo vina kijiti chenye utambi. Unakisukuma chini, cheche zinatoka, unakichomoa kikiwa kinawaka. Ukitaka kukiona kazini, tafuta The Maltese Falcon ya mwaka 1941, iliyoongozwa na John Huston, ambamo Bogart ni mpelelezi Sam Spade. Kiko juu ya meza ya ofisi yake. Wakusanyaji wanaitafuta aina ile kama dhahabu.

Zippo ni ya George Blaisdell wa mji wa Bradford, Pennsylvania. Aliianzisha kampuni mwaka 1932, wazo akilichukua kwenye kiberiti cha Austria, na vya kwanza vikatoka mwaka 1933 kwa bei ya dola 1.95. Tangu mwanzo aliahidi kwamba kikiharibika kitatengenezwa bure. Hadi leo ahadi hiyo ipo.

Tofauti ya hivi viwili ndiyo inayokufanya uwe mjanja mbele ya skrini. Zippo ukiiwasha, inaendelea kuwaka hadi uifunike. Ronson ukiiachia, imezimika. Kwa hiyo ukimwona shujaa anakitupa kiberiti kinachowaka kwenye mafuta, kama Bruce Willis kwenye Die Hard 2 ya mwaka 1990 anapoilipua ndege uwanjani, jua hicho ni cha jamii ya Zippo. Angetupa Ronson, ndege ingepaa na wabaya wangempungia mkono.

Halafu kuna ile dau ya kidole. Roald Dahl aliandika hadithi ya mzee anayemwambia kijana: kiberiti chako kikiwaka mara kumi mfululizo, chukua gari langu, kikikosa hata mara moja, nakata kidole chako. Mwaka 1960 ilitolewa kwenye kipindi cha televisheni cha Hitchcock, kijana akiwa Steve McQueen, na mzee akiwa Peter Lorre, yuleyule aliyecheza na Bogart kwenye The Maltese Falcon. Mwaka 1995 Quentin Tarantino akaichezea upya dau hiyo katika sehemu yake ya Four Rooms. Pale kiberiti kinakosa mara ya kwanza kabisa, na shoka halisubiri.

Kwa nini kiberiti kinakosa? Twende kwa fundi.

NAMNA YA KUKIFUFUA

Fundi wangu ni mzee mmoja wa saa. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba bila kuinua jicho kwenye saa aliyokuwa akiifungua. Nikamwekea Ronson ya baba mezani. Akaitazama, akasema, "Aliyekisugua hiki alikuwa na hasira nacho?" Nikainama.

Alinifundisha kwamba kiberiti cha petroli kina mambo matatu tu: jiwe, utambi na pamba. Mara nyingi ugonjwa uko hapo.

Jiwe ndilo linalotoa cheche likikwaruzwa na gurudumu. Likiachwa ndani miaka mingi, huvimba na kugeuka unga mgumu uliokwama kwenye tundu lake. Usigonge kwa nyundo. Fungua skrubu ya chini, toa springi, kisha chukua ncha ya keekee nyembamba kuliko tundu, uizungushe kwa vidole taratibu hadi unga utoke. Ukitumia mashine utaharibu tundu, na hapo ndio basi tena.

Utambi ukiwa mweusi nchani, vuta kidogo ukate. Ukiwa umeisha, weka mpya. Pamba ya ndani ndiyo inayonywa petroli. Ikiwa imekauka na kuwa kama udongo, itoe yote kwa kibanio, uweke safi, ukiukunja utambi katikati ya pamba tabaka kwa tabaka. Gurudumu lisafishe kwa brashi ndogo ya shaba, maana meno yakijaa uchafu cheche hazitoki.

Mafuta ni yale maalumu ya viberiti. Petroli ya gari hapana. Inanuka, inatoa masizi na inaweza kukuunguza. Jaza mbali na moto, futa kilichomwagika, nawa mikono, ndipo uwashe. Na usishangae kikikauka baada ya wiki moja au mbili hata kama hukukitumia. Mafuta yale huruka yenyewe hewani.

Sasa nje. Hapa ndipo vijana wengi tunapoharibu. Kitambaa laini, maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo kwa ganda tupu, basi. Msasa, mwiko. Kupaka kromu upya, mwiko pia, isipokuwa unataka kitu cha kutambia kijiweni. Mikwaruzo ya funguo, kona iliyolika kwa dole gumba la mwenyewe, herufi zilizochorwa na sonara: hivyo vyote ni maisha ya kile chuma. Kazi yako ni kukirudishia moto. Ujana wake usiuguse.

USIINGIZWE MJINI

Penye pesa hapakosi matapeli. Kuna maneno mawili usiyachanganye: kiberiti "cha aina ile" na kiberiti "chenyewe". Cha aina ya kile cha Sam Spade unaweza kukipata. Chenyewe kilichoshikwa na Bogart ni habari nyingine, inahitaji karatasi zinazoonyesha kilitoka kwa nani kikaenda kwa nani. Muuzaji akikupa hadithi tamu bila karatasi, lipia chuma, hadithi mwachie.

Pili, geuza kitako. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950, Zippo ziliwekwa alama za nukta na mistari zinazoonyesha mwaka. Katikati ya miaka ya 1980 zikaja namba za Kirumi kwa mwaka na herufi A hadi L kwa mwezi. Alama hizi zimewaumbua wengi, hasa wanaouza Zippo "za wanajeshi wa Vietnam", ambazo za bandia ni nyingi kupita kiasi. Ubavuni kumechorwa 1968, kitakoni kunasomeka mwaka wa baadaye. Mwanajeshi gani huyo aliyechora kiberiti ambacho hakijatengenezwa?

Tatu, gesi. Sinema ikiwa ya kabla ya mwaka 1945 na mtu anakuuzia kiberiti cha gesi kama "kilekile cha kwenye picha", mshukuru, nenda zako. Wakati huo mastaa walitumia petroli au njiti.

MOSHI NA MOTO

Kuna wanaoniuliza kama simtangazii mtu sigara. Jibu ninalo. Bogart, mfalme wa wavutaji wote wa sinema, alikufa Januari 1957 kwa saratani ya umio, ile njia ya chakula, akiwa na umri wa miaka 57. Moshi ule uliopendeza kwenye skrini haukuwa wa maigizo. Ndiyo maana kwangu viberiti vinawasha mishumaa tu.

Ronson ya baba sasa inawaka. Mzee wa saa aliitoa jiwe lililooza, akaweka utambi na pamba mpya, akabonyeza, moto huo. Kisha akaniuliza kama nataka azichore herufi upya, maana mkono wa kuchora anao. Nikaenda kumuuliza mama kwanza. Safari hii nilijifunza kuuliza.

Mama akafikiri. "Ataandika vizuri," akasema, "lakini atakuwa ameandika yeye."

Basi ubavu umebaki mtupu. Umeme ukikatika, mama ndiye anayekishika, na kabla hajabonyeza huwa anapitisha kidole pale zilipokuwa herufi.

Wewe unayesoma, fungua droo za kwenu. Ukikuta kiberiti cha babu kimefubaa, usikimbilie msasa. Kipeleke kwa mwenye umri kuliko wewe, umuulize kile kimwandiko ni cha nani. Ukishajibiwa, ndipo ununue utambi.