Intaneti ya Nyumbani Yataka Foleni ya Haki

Watu wa Uwanda wa Makonde hawana haja ya kufundishwa maana ya kugawana kitu adimu. Kwa vizazi vingi akina mama wa Newala waliteremka mabondeni kuteka maji, kisha wakapanda tena mlima na mitungi vichwani. Hata baada ya mradi wa kusukuma maji kwa mitambo kuanzishwa katika miaka ya 1950, foleni ya bombani iliendelea kuwa shule ya adabu, kwani mwenye pipa akitangulia, wenye ndoo hulala na kiu.

Leo foleni ya namna hiyo imeingia majumbani. Tuchukue mfano wa familia moja ya Mkomaindo, mjini Masasi, inayotumia laini moja ya intaneti. Baba anafuatilia bei ya korosho, ambazo tangu msimu wa 2024/25 zimekuwa zikinadiwa kwa mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania. Binti wa kidato cha nne anatafuta maswali ya mitihani iliyopita. Mama anazungumza na nduguye aliyelazwa Dar es Salaam. Ghafla sauti ya mgonjwa yakatikakatika. Kumbe chumba cha pili kijana anapakua filamu!

Ndugu msomaji, tusimlaumu kijana peke yake. Njia ya megabiti 10 kwa sekunde hupitisha megabaiti 1.25 tu, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Filamu ya megabaiti 700 huchukua zaidi ya dakika tisa hata ikiachiwa njia yote. Tena chombo kinachopakua hakina haya: huongeza mwendo mpaka njia ijae. Hapo pakiti za habari hurundikana, na sauti ya mgonjwa, ijapokuwa ni mzigo mdogo, hungoja nyuma ya filamu.

Tatizo hili si geni. Mnamo Oktoba 1986, huko Marekani, mawasiliano kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, majirani wasiotengana hata mita 400, yalishuka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Mtaalamu Van Jacobson alilichunguza jambo hilo, na mwaka 1988 akaeleza jinsi kompyuta zinavyopaswa kupunguza mwendo njia inapoziba. Kabla yake, mwaka 1985, John Nagle alikuwa amependekeza kila mtumaji awe na foleni yake, na foleni zote zihudumiwe kwa zamu.

Baadhi ya ruta za leo huweza kufanya kazi hiyo. Njia rahisi ni kuwekea kila chombo kikomo. Lakini kikomo kigumu kina hasara: usiku wenzake wakilala, anayesoma hubanwa bure huku njia ikiwa tupu. Lililo bora ni kila mmoja kuwa na fungu lake la hakika, na fungu lisilotumika liazimwe kwa mwenye haja mpaka mwenyewe arudi. Sauti na masomo vitangulie, filamu ifuate.

Jumla ya mwendo nayo iwekwe chini kidogo ya uwezo wa laini, kwa mfano megabiti tisa kati ya 10, ili foleni ijipange ndani ya ruta yenu, mahali mnapoweza kuitawala. Kupeleka picha nje kuwekewe kikomo vilevile, maana njia ya kutoka ikiziba, hata ya kuingia huzorota. Wanaotumia mtandao wa simu wakumbuke kwamba uwezo wake hupanda na kushuka, hivyo kipimo hakina budi kurekebishwa mara kwa mara.

Hata hivyo, hakuna mpango wa ruta unaoongeza maji kisimani. Mpango hugawa yaliyopo. Kwa sababu hiyo swali kubwa si la mitambo, bali ni la nani anayegawa. Mzazi akijitengea fungu nono kwa siri kwa kuwa ndiye mwenye nywila, atakuwa amelihamisha pipa kutoka kwa kijana na kuliweka mkononi mwake. Familia na ikae pamoja, ikubaliane lipi lina haraka na lipi laweza kungoja, kisha ruta iamriwe hivyo. Kijana atakayeshiriki kuweka sheria hiyo ataingojea filamu yake mpaka usiku bila kinyongo.