Wananchi Walivyoulinda Msitu wa Karura na Mito Yake

Msitu wa Karura, kaskazini mwa jiji la Nairobi, una zaidi ya hekta 1,000 na unapitiwa na mito midogo kadhaa, ikiwemo Karura, Ruaka na Gitathuru. Njia zake za miguu na baiskeli zinafikia kama kilomita 50. Anayeufuata Mto Karura hufika kwenye maporomoko ya maji ya takriban mita 15, na jirani yake kuna mapango yanayosimuliwa kuwa maficho ya wapiganaji wa uhuru wa Mau Mau. Karura ilitangazwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, lakini tangazo hilo peke yake halikuiokoa.

Katika miaka ya 1990 sehemu kubwa ya msitu iligawiwa kimyakimya kwa wajenzi, na miti ikaanza kung'olewa kupisha majumba. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake wa vuguvugu la Green Belt Movement wakaingia na miche. Tarehe 8 Januari 1999 walipojaribu kupanda mti langoni, vijana wa kukodiwa wakawavamia. Maathai akapasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi akiwa anavuja damu, na kwa damu hiyohiyo akaitia alama taarifa yake. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana, viongozi wa dini wakapaza sauti. Agosti mwaka huo Rais Daniel arap Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Ujenzi ulisimama, lakini hofu ilibaki. Wezi walijificha vichakani, miti iliendelea kukatwa usiku, na wakazi wengi wa Nairobi hawakuthubutu kukanyaga humo.

Mabadiliko yalikuja na Sheria ya Misitu ya 2005, iliyowapa wananchi haki ya kuunda vyama vya kusimamia misitu bega kwa bega na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Chama cha Karura, Friends of Karura Forest, kiliundwa mwaka 2009. Nguvu yake ilitokana na kuwaweka pamoja majirani wasiofanana hata kidogo. Michango ya wakazi wenye uwezo na kampuni ilisaidia kujenga uzio wa umeme. Vijana wa kijiji cha Huruma, kilicho mpakani mwa msitu, wakaajiriwa kuwa askari na watengeneza njia. Huruma ilikuwa ikitegemea kuni za msitu huo, kwa hiyo kuwafungia watu wake nje kungewageuza maadui wa kila mradi. Kuwaajiri ndio uamuzi ulioziba mianya ambayo uzio usingeiziba.

Kazi ya kuitunza mito ya msitu huenda polepole. Mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi, inaondolewa hatua kwa hatua na nafasi yake kuchukuliwa na miti ya asili kama muhugu. Mizizi ya kando ya mto hushika udongo na kupunguza kasi ya maji ya mvua, jambo ambalo Nairobi haiwezi kulipuuza baada ya mafuriko ya 2024 yaliyoua watu katika bonde la Mto Mathare, ambako kingo zilikuwa zimejaa nyumba. Maji ya Karura yenyewe huishia Mto Nairobi, kisha Athi, na kumwagika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki.

Gharama nyingi za kuutunza msitu zimekuwa zikilipwa kwa kiingilio cha langoni. Ndiyo maana Agosti 2025, serikali ilipoagiza malipo yote yapitie mfumo wake wa eCitizen, chama kilipinga na shauri likafika mahakamani. Hoja ya chama ina uzito: fedha za lango zisiporudi msituni kwa wakati, askari na watengeneza njia ndio watakaokosa mshahara kwanza.